Chupa ya Mwaka wa Wambui

Kuna watu kule Kiganjo, Thika, ambao mpaka leo hawaniiti Njoroge, wananiita Siki, na siwezi kukasirika kwa sababu jina hilo nilijitafutia mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wazee, nikiwa nimevaa suti na tai. Aibu ile naibeba hadi leo. Ila ni heri muisikie kutoka kwangu kuliko kwa Tata Nyokabi, shangazi ya mke wangu, maana yeye kila akiisimulia anaongeza kitu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu niliyejitengeneza. Nilitoka nyumba ya mabati pale Ruiru nikiwa na diploma ya hoteli (diploma, si cheti cha kuhudhuria semina), nikaenda Ufaransa kuosha masufuria, na kufikia siku ninaondoka huko nilikuwa ndiye ninayeitwa mezani mteja akitaka ushauri wa mvinyo. Nikarudi, nikajenga nyumba Mugutha kwa mikono yangu mwenyewe, yaani kwa jasho langu, mikono ilikuwa ya fundi. Sisemi hivi kujisifu. Nasema ili mjue nilianguka kutoka juu kiasi gani.

Siku ya kuagana, tajiri wangu aliniuliza kama kuna msichana anayenisubiri nyumbani. Nikamwambia yupo, anaitwa Wambui. Akauliza alizaliwa mwaka gani, akashuka ghalani, akarudi na chupa moja ya mvinyo mwekundu ya mwaka huo huo, imejaa vumbi, kutoka shamba liitwalo Vaubrelle. Sasa hilo shamba nililijua vizuri kuliko watu wengi wa huko. Ni kilima kidogo cha mawe. Zamani za mababu wadudu walikula mizizi ya mizabibu nchi nzima, majirani wakauza wakaenda mjini, lakini mjane mwenye shamba aling'oa kila shina akapanda upya. Vita vilipokuja, wajukuu wake wakajenga ukuta wa uongo ndani ya ghala, wakaficha chupa nyuma yake, wakaupaka matope na kuuegemezea kuni ili askari wasiushuku. Na mwaka wa chupa yangu, mvua ya mawe iliangusha karibu zabibu zote, ukatoka mvinyo kidogo tu. Ndiyo maana ukiitaka leo, hata ukiwa na hela, huipati.

Mvinyo wa namna hiyo hulazwa. Unalazwa ubavu, gizani, mahali pa baridi, ili kizibo kisikauke kikapitisha hewa. Hilo nilikuwa nawafundisha wengine. Lakini chupa iliyolala gizani haionekani na wageni, na mimi nilitaka ionekane, kwa hiyo nikaisimamisha ndani ya kabati la vioo sebuleni, kando ya televisheni, chini ya taa ndogo inayowaka moto kama jiko, nikijiambia ni ya siku chache tu. Siku chache zikawa misimu ya jua na mvua. Kila mgeni aliyeingia aliiona, na kila aliyeiona alisikia habari ya mjane na ukuta.

Basi ikafika siku ya ruracio, siku ya kupeleka mahari kwa kina Wambui, kule Kiganjo. Baba yake, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, hakuwa na shida na familia yetu, shida yake ilikuwa mdomo wangu. Alikuwa ameshamwambia Wambui kwamba kijana anayejisifu hivi, ukiondoa sifa, hujui utabaki na nini. Kwa hiyo siku hiyo nilikuwa napimwa na nilijua napimwa.

Tena kwetu Wakikuyu, siku hiyo kuna jambo ambalo mbuzi wote duniani hawawezi kulifidia. Kinywaji tulicholeta kinamiminwa kwenye pembe ya ng'ombe, msichana anaitwa mbele ya watu, anaulizwa kama kinywewe. Akinywa funda moja na kumpa baba yake, amekubali. Asipokunywa, wageni wanarudi kwao. Kawaida kinywaji hicho huwa ni muratina, pombe yetu ya asali, na Anko Muchiri, msemaji wetu, alikuwa amebeba dumu zima. Mimi nikamwambia aliache kwenye buti ya gari, leo tutatumia cha maana. "Kijana yangu," akasema, "hawa watu muratina wanaijua." Nikamjibu kwamba ndiyo sababu.

Tukakaribishwa ndani, sebule imejaa, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe ambavyo mama mkwe alivishona mwenyewe. Nikasimama na chupa. Mtu mwenye akili angeifungua jikoni, akainusa, akaonja, na kazini ningefanya hivyo hivyo, lakini nilitaka watu waone inavyofunguliwa, na kuonja nisingeweza kwa sababu mtu wa kwanza kunywa lazima awe Wambui. Kizibo kikakatika katikati. Nusu ya pili nikaisukuma, ikasagika kama unga ikaingia ndani ya mvinyo. Ikabidi niombe chujio la chai.

"Hata hii inatiwa majani?" akauliza Tata Nyokabi, na wanawake wakacheka ndani ya leso.

Nikasema ni kawaida kwa mvinyo wa umri huu. Halafu, ili kujaza muda wakati ninauchuja kwenye pembe (na hapa ndipo ningetamani mtu angenikanyaga mguu), nikaanza kuwapa historia ya shamba, wadudu, ukuta, mvua ya mawe, na nilipoona Baba Wambui anasikiliza kweli, nikaongeza ile ninayoipenda zaidi, kwamba yule mjane kila mwaka alionja mvinyo mpya mbele ya wafanyakazi wake wote, akimeza, unatiwa kwenye chupa, akitema, wote unauzwa uwe siki. Nikasema, na leo aliyezaliwa mwaka wa chupa hii ndiye atakayeonja. Mwenyewe niliona nimesema maneno mazuri sana. Kulikuwa na harufu kali kidogo ikipanda kutoka kwenye pembe. Nikajiambia ni uzee.

Wambui akaja, amependeza, akaulizwa, akatabasamu, akapiga funda kubwa, maana alitaka kunifurahisha.

Akatulia. Mashavu yamejaa, macho yamefunguka, machozi yakaanza kukusanyika. Akanitazama mimi, akamtazama baba yake, akajaribu kumeza, kikohozi kikamwahi, na mvinyo wa Vaubrelle ukatoka kwa mdomo na kwa pua ukatua kwenye vitambaa vyeupe vya mama yake.

Nje mbuzi wetu mmoja akalia, na hata huyo nilihisi ananicheka.

"Ametema," akasema Tata Nyokabi, taratibu. "Si ulisema yule mama wa Ufaransa akitema, inakuwa siki?"

Nikachukua pembe nikaonja. Ilikuwa siki, siki kamili, hata kachumbari ingeomba iongezwe maji. Na badala ya kusema hivyo nikasikia mdomo wangu ukianza kueleza kwamba kwa wanaojua, ladha hii ina uchangamfu fulani. Anko Muchiri akanishika koti akanikalisha. Akaomba radhi, akasema lipo dumu la muratina garini. Baba Wambui akatikisa kichwa, akasema kinywaji kilichotemwa hakibadilishwi siku hiyo hiyo, wageni watakula, kisha watarudi siku nyingine, watu wakiwa wametulia na kufikiri. Alisema kwa upole kabisa. Nilijua siku nyingine ilikuwa na maana gani kwa mtu ambaye tayari alikuwa na mashaka nami.

Wambui alikuwa bado anapangusa macho. "Baba, mimi sijamkataa Njoroge," akasema. "Nimepaliwa. Pembe bado ina kitu. Nikiimaliza, nimekubali au sijakubali?"

Mzee akafikiri. "Ukiimaliza, umekubali."

Nikamwambia aache, nikamwambia ukweli, kwamba imeharibika, kwamba niliiharibu mimi kwa kuisimamisha kwenye taa ili watu waione. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo nasema kitu kifupi. Wambui akaziba pua kwa vidole viwili, kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo, akainua pembe akanywa, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, akaacha tone la chini, akamkabidhi baba yake. Mzee akanywa lile tone, na uso wake wote ukajikunja ukarudi.

"Njoroge," akasema alipopata sauti, "huyu msichana anakupenda. Mimi hii singemnywea mtu yeyote, hata mama yake."

Sebule ikalipuka kwa kicheko. Mama mkwe, ambaye vitambaa vyake nilikuwa nimeviharibu, alicheka mpaka akaketi chini. Dumu la Anko Muchiri likaingia kwa shangwe, na siki iliyobaki kwenye chupa ikapelekwa jikoni ikatiwa kwenye kachumbari, na lazima niseme, sijawahi kula kachumbari tamu kama ile. Hata Tata Nyokabi alijiongezea sahani ya pili.

Mama mkwe hunipokea hadi leo kwa kuniuliza kama nimemletea ile ya Ufaransa, na mimi humletea chupa ya siki ya dukani, ya kupikia. Vitambaa hakuvitupa. Alitupatia sisi siku ya harusi, pamoja na madoa yake, na tunavitumia.

Nimeapa sitasimulia tena historia ya kinywaji ambacho sijakionja. Chupa ya Vaubrelle ninayo bado, tupu, kwenye lile kabati, ila taa niliitoa na chupa nimeilaza. Mgeni akiuliza kwa nini imelala, nanyamaza, namwachia Wambui aseme. Yeye ndiye aliyeinywa.