Mke Mwenza wa Chuma

Mama yangu, Paskazia, alifunga ndoa ya mke mmoja kanisani, na kabla mwaka haujaisha akaletewa mke mwenza. Mke mwenza huyo alikuwa nyundo.

Msicheke. Ukoo wa baba ni wahunzi tangu enzi za mababu, kule upande wa Sengerema. Kwao, mhunzi akipata nyundo yake ya kwanza haitupi tu kibandani kama panga. Anaileta nyumbani kama bibi harusi. Mkewe anatoka mlangoni kuipokea, anaitandikia mkeka, dada wa mume anaimwagia ulezi, na watu wanakunywa pombe. Tangu siku hiyo nyundo ni mke wa nyumba ile: hairukwi, haiazimwi, haitukanwi. Mama, msichana wa Nansio aliyelelewa na masista, alisimama mlangoni akasema, "Karibu mwenzangu," huku akijiuliza ameolewa na watu wa namna gani. Baba alimtuliza kwamba angalau huyu hatagombania vitenge.

Baba aliitwa Luhende. Alihamia Kirumba, akajenga kibanda cha kufulia chuma karibu na soko la samaki la Mwaloni, na kwa miaka mingi alifua majembe. Kisha ikaja biashara huria. Majembe ya nje yakajaa madukani, yamepakwa rangi yakang'aa, na watu wakawa wanampa baba pole kana kwamba amefiwa.

"Pole wapeni wanaolimia rangi," aliwajibu.

Akageukia ziwani. Biashara ya sangara ilikuwa imepamba moto, kila mtu anataka mtumbwi, na mtumbwi unataka misumari na nanga. Baba alifua nanga mpaka kikohozi kikamkaa kifuani.

Lakini sangara huyo huyo akamnyang'anya wasaidizi. Vijana wote waliokuwa wakivuta mivukuto walikimbilia kuvua, na moto wa mhunzi bila mtu wa kuupuliza ni majivu tu. Siku moja baba akamwita mama kibandani. Mama aligoma kuvuka kizingiti, maana mwiko wa ukoo ulikataza mwanamke kuingia mahali pa kufulia chuma, seuze kugusa nyundo.

"Na mwiko?" aliuliza.

"Mwiko hauvuti mivukuto, Mama Odeta. Ingia, ufunge mlango."

Mama akaingia. Alianza na mivukuto, akaja kwenye koleo, na kifua cha baba kilipokataa kabisa, akashika nyundo yenyewe. Majirani walisikia mlio wakadhani ni baba. Mimi ndiye Odeta, na ndiye niliyekuwa nawapelekea maji, kwa hiyo asinibishie mtu.

Baba alifariki mwaka 1996. Siku ya kuanua matanga, ukoo mzima umekaa uani, akasimama baba mdogo Shimba. Huyu hajawahi kufua hata sindano. Alikuwa wakala wa samaki, na msibani alikuja na miwani ya jua.

"Nyundo na vyuma vyote ni mali ya ukoo," alisema. "Nimepata mtu wa chuma chakavu, kesho anakuja kubeba. Kibanda nitahifadhia barafu ya samaki. Shemeji atarudi kwao Nansio. Au akipenda, nitamtunza mimi."

Kila mtu pale alijua kutunza maana yake nini. Nilitamani kummwagia sufuria la mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwani, miwani na yote. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa kukubali, kana kwamba mama yangu ni kiti kinachohamishwa kutoka chumba hiki kwenda kile.

Mama hakulia wala hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika katikati ya wanaume. Akaenda kibandani akaibeba nyundo, akailaza juu ya mkeka, akaketi kando yake.

"Shemeji Shimba, huyu ni nani?"

"Si nyundo hiyo, shemeji?"

Mama akamgeukia Dorotea, dada mkubwa wa baba. "Wifi, shikamoo. Huyu ni nani?"

"Marahaba. Huyo ni mke wa Luhende. Ulezi niliumwaga kwa mkono wangu huu."

"Basi nisikilizeni," mama akasema. "Kama huyu ni mke, mjane hauzwi kwa kilo. Anaulizwa anataka kwenda kwa nani, kama mlivyopaswa kuniuliza mimi. Haya, muulizeni. Akinyanyuka akamfuata Shimba, sitamzuia. Na kama si mke, ni chuma tu, basi nyundo haina mwiko wowote, nami nitafua nayo mchana kweupe, mlango wazi. Chagueni."

"Mwanamke hafui chuma!" Shimba alifoka. "Utatuletea laana!"

"Nanga ya mtumbwi wako mpya nilifua mimi. Imekuangusha?"

Kuna mzee alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Shimba akavua miwani, akainama kunyoosha mkono kwenye nyundo.

"Shimba," shangazi Dorotea akamwita, bila kupaza sauti. "Ukimkamata mke wa kaka yako mbele za watu, mwenyewe hajakukubali, tukuite nani?"

Mkono ulirudi. Wazee wakaanza kuulizana habari za mvua. Mtu wa chuma chakavu alikuja kesho yake kama alivyoahidiwa, akakuta kibanda kiko wazi na moto unawaka, akageuza mkokoteni wake.

Ndani tulikuwa mama na mimi. Mimi navuta mivukuto, yeye amejifunga kitenge kiunoni. Msumari wa kwanza uliharibika kabisa. Alikuwa analia na hakujifuta.

"Sikutaka nyundo, Odeta," alisema. "Nilimtaka baba yako."

Kisha akachukua chuma kingine. Wachuuzi waliokuwa wanatoka Mwaloni na mabeseni ya samaki kichwani walisimama kututazama, na mmoja akanong'ona habari za laana.

"Ikija, ielekeze hapa," mama alimjibu. "Mlango uko wazi."

Alifua nanga mpaka nikaolewa, na anafua hadi leo. Shimba siku hizi hununua nanga zake Buzuruga, na njia ya kwenda huko inapita mbele ya kibanda chetu. Mama humwamkia vizuri tu, nyundo mkononi.

Watu wakiniuliza Luhende aliacha wajane wangapi, nawaambia wawili, na hakuna aliyerithiwa.