Vile nilipikia kanisa kahawa ya Subukia kama chai

Wakuu, sasa.

Hii ni ukweli tupu. Kama kuna mtu wa kanisa yetu ya mtaa wa Rhonda hapa ndani, anyamaze kwanza nimalize.

Mimi ni mtu wa nyumba. Weekend yangu ni kiti, blanketi na remote. Kanisa ikaitisha meeting, nikabaki na blanketi.

Sasa kwetu, asiyekuja meeting ndiye huchaguliwa.

Jioni Mama Brayo, mwenyekiti wa akina mama, akanipigia. "Hongera! Wewe ndiye wa kupika kahawa."

"Kahawa gani?"

"Ungekuja ungejua."

Story ni hii. Kuna kikundi cha wakulima wa kahawa huko Subukia ambao broker huwalipa bei ya chini hadi unawahurumia. Kanisa ikasema itanunua kwao direct, kwa bei ya haki, tuache chai ile ya kati ya Bible study na ibada.

Lakini wazee wakaweka sharti. Jumapili ya kwanza ni ya kujaribu. Sufuria ikiisha, tunanunua kila mwezi. Ikibaki, tunarudi kwa chai na wakulima warudi kwa broker.

Na mmoja wa hao wakulima, Mama Njoki, angekuja kujionea.

Wakuu, mimi kahawa najua ni ile ya kukoroga na kijiko. Hii ilikuja ya kusagwa. Nikaamua ni majani chai tu yenye kiburi. Nikachemsha maji na maziwa, nikamwaga pakiti zote, sukari, halafu tangawizi ya kuonyesha bidii.

Nikachuja na kichujio cha chai. Unga ukapita wote.

Nikaonja. Ulimi wangu uliomba transfer.

Nikabeba sufuria nikamwage nyuma ya kanisa, niseme jiko imeharibika. Kufika mlangoni, pastor huyu hapa.

"Ngoja ndugu, tuibariki."

Akaombea kahawa, mashamba, hadi watoto wa wakulima. Amen.

Kwisha mimi. Kwetu kitu ikishaombewa haimwagwi.

Watu wakapiga laini. Mzee Kimani akatafuna yake pole pole. "Kijana, hii nikunywe ama nipande?"

Mama Njoki akaonja, akaniangalia.

"Umeweka nini humu?"

"Tangawizi, mathe."

"Kwani kahawa yangu ilikukosea wapi?"

Kanisa ikaanguka kicheko. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Jasho ya msimu mzima ya huyo mama, na mimi nimeigeuza matope.

Lakini nani atamwaga baraka? Wakafumba macho, wakameza.

Halafu ibada ikaanza. Wakuu, hakuna mtu alisinzia! Mzee Kimani, ambaye hulala kuanzia wimbo wa kwanza, alikuwa anaitikia amen hadi kwa matangazo. Pastor kuona macho yote iko wazi, akahubiri mpaka watoto wakaanza kulilia lunch.

Baadaye wazee wakachungulia sufuria. Tupu.

"Sharti ni sharti," Mzee Kimani akasema. Pastor ndiye aliinua mkono wa kwanza kuunga.

Mama Njoki akakubali kutuuzia, lakini na yeye akaweka lake: "Huyu mpishi aje kwangu nimfundishe."

Ndio hivyo Jumamosi ikaniacha bila kiti, nikaenda Subukia kufundishwa kuchemsha maji. Na bado niko kwa hiyo kazi.

Funzo: nenda meeting, hata kama utaenda kulala huko.

Na nyinyi, mlichaguliwa nini mkiwa hamko? Semeni basi, nisijione ni mimi pekee.