Kisiwa Nilichokizunguka, Njia ya Moto Nisiyoifyeka

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, nimelala chali ndani ya gari langu, milango ya nyuma wazi, bahari ya Unguja mbele yangu, nami najiona nimeimaliza dunia. Ni Jumamosi hiyohiyo ninayomwomba Mungu anisamehe mpaka leo.

Nimesikia umeng'oa viti vya nyuma vya Noah yako, umeweka godoro na jiko la gesi, unataka kwenda kukizunguka kisiwa peke yako. Sikukatazi. Na usidhani ninyi wa leo ndio mliobuni mambo hayo.

Nilikuwa fundi wa magari Makambako. Nilinunua Haisi iliyogongwa, nikaifufua kidogo kidogo, nikaitia kitanda, kabati la vyombo na pazia. Mbao alinipa baba, kutoka shamba lake la miti kule Njombe, akidhani ni za karakana. Nikamwacha adhani hivyo. Kwake yeye, mtu mwenye kwao halali barabarani; angenicheka kwanza, kisha angenikataza.

Wewe umekulia mjini, huenda hujui njia ya moto. Kila kiangazi, kabla upepo haujakaza, majirani wenye miti hupanga siku moja, kila mmoja akafyeka upande wake wa mpaka na kukwangua mpaka udongo uonekane, ili moto ukija ukose cha kula. Humfyekei jirani upande wake bila yeye kukuomba, maana ni kumtangaza kwa kijiji kizima kuwa ni mvivu. Baba goti lilikuwa limemshinda, hivyo upande wetu ulikuwa kazi yangu.

"Ni Jumamosi hii," akaniambia. "Usiniaibishe kwa Ezekia."

Mzee Ezekia ndiye aliyepakana nasi. Nikajibu, "Nitakuja, Baba." Alhamisi nikateremka na Haisi hadi Dar es Salaam, ikapakiwa melini, nami nikazima simu palepale bandarini. Nilijisemea kwamba moto haujawahi kuja upande wetu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata siku nane.

Kisiwa ni kizuri, sitakudanganya. Mchanga ule mweupe unaumiza macho. Maji yakipwa, wanawake wanaingia kuvuna mwani, na mimi nimekaa mlangoni mwa gari nakunywa chai niliyoipika mwenyewe, sina wa kuniuliza ninakwenda wapi. Nililipenda sana jambo hilo, la kutoulizwa.

Siku ya tatu, karibu na kijiji kimoja cha kusini, sheha, kiongozi wa pale, alikuja kuniona, mzee mwembamba mwenye daftari. Akanisalimu vizuri, akaandika jina langu na namba ya gari.

"Na huko bara, nani wako?" akauliza. "Likikufika jambo tumwite nani?"

Niliogopa atapiga simu na baba atajua. Nikasema, "Sina mtu."

Kalamu ikasimama. "Kila mtu ana mtu, kijana. Mkataa kwao mtumwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alifunga daftari akaenda zake, na mimi nikashinda nimemkasirikia kwa sababu nilijua ameuona uongo wangu.

Nilipokanyaga Dar nikawasha simu. Ukaingia ujumbe wa Mzee Ezekia: "Baba yako anauliza unakuja saa ngapi, fyekeo lako ameshalinoa." Wa pili: "Moto umeingia. Uko wapi?" Wa tatu ulikuwa neno moja tu, "Rudi." Nikampigia, hakupatikana. Niliendesha mpaka mikono ikafa ganzi.

Nilimkuta Ezekia amesimama mpakani, miti yote nyuma yake myeusi.

"Baba yako alikungoja Jumamosi mpaka adhuhuri, akaanza mwenyewe," alisema. "Alikwenda hatua kama arobaini, goti likakataa. Nilimwambia nimsaidie. Akasema subiri, mwanangu yuko njiani. Jumatatu mtu akachoma shamba lake kule bondeni, upepo ukaubeba moto, ukapita palepale alipoishia. Aliingia kuupiga kwa matawi. Nilimtoa, lakini moshi ulikuwa umeshammaliza."

Nikauliza yuko wapi.

"Tulikungoja siku mbili. Makambako hakuna aliyejua ulipo. Tumemzika jana. Udongo wa kwanza, wa mtoto wake, nimetupa mimi."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alinipa tu maneno ya mwisho aliyoyasikia kwa baba: kwamba bila shaka gari limeniharibikia njiani, wasinihukumu.

Fyekeo lilikuwa limeegemezwa mlangoni. Kesho yake nililibeba nikaenda mpakani, nikakuta hapana cha kufyeka, ni majivu tu. Haisi niliiuza kwa mtu wa Makete, pamoja na kitanda chake. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu amezeeka pamoja nami. Lile neno nililomwambia sheha, Ezekia alikufa bila kulijua. Wewe ndiye wa kwanza kulisikia.

Kwa hiyo nenda. Dunia Mungu aliiumba itazamwe. Lakini kazi uliyoahidi kuifanya ifanye kwanza, hata kama moto haujawahi kuja upande huo. Ukiaga, aga kwa kweli: sema unakwenda wapi na utalala wapi, hata kama tutakucheka, hata kama tutakukatalia. Simu usizime. Na mtu yeyote huko akikuuliza una nani, usimjibu kama nilivyojibu. Nitaje mimi, kwa jina langu lote, na kijiji.

Mungu akutangulie barabarani na majini. Akuonyeshe uzuri wote nilioonyeshwa mimi, na akurudishe ungali na wa kumsimulia.