Mstari kwa Kila Alama

Kila Mei, mashindano ya nyimbo ya Ulaya yakifikia kura, mama wa posta hushika sindano zake za kufumia. Nchi yake, Finland, ikipata alama moja, skafu nyembamba ya mwaka huo huongezeka mstari mmoja. Hununua donge dogo la uzi, na kwa miaka arobaini, kwa uchache wa alama, uzi umekuwa ukibaki. Mwaka Finland ilipopata sifuri aliinua sindano tupu, akacheka: "Skafu hii angalau haiwashi shingoni!"

Mwaka Finland waliposhinda, uzi uliisha kura zikiwa bado nusu. Akamgeukia mumewe.

"Tauno, lete sweta yako niifumue, uzi umeisha."

"We mama! Si ulinifumia mwenyewe?"

"Lete mkono mmoja tu. Sweden wametupatia alama kumi na mbili!"

Kesho yake Tauno alizunguka mtaa mzima, akimwonyesha kila mtu mkono wa sweta usiokuwepo.