Kifaa cha Rangi ya Chungwa

Haya yalinikuta mwenyewe, mchana, jua likiwaka, nikiwa na akili zangu timamu. Natanguliza hilo kwa sababu najua mtu akisikia habari za marehemu, kwanza huuliza kama msimuliaji alikuwa amelewa. Mie sinywi. Ni mwalimu wa jiografia, Mpare, mlokole, nakaa Kinyerezi. Watu wakianza kusimulia mambo ya mizimu, nilikuwaga nanyanyuka zangu naenda kuosha vyombo.

Sasa siendi tena. Nakaa, nasikiliza.

Tuna kikundi chetu cha kutembea porini, watu kumi na wawili, wengi walimu na manesi. Safari moja kule milima ya Uluguru mwenzetu alivunjika mguu mahali ambapo simu haishiki kabisa. Tulimbeba kwa shuka tangu asubuhi mpaka jua linazama, yeye analia, na sie tunalia. Tuliporudi tukakubaliana kwamba hatutoki tena bila kifaa cha setilaiti, kile cha kushika mkononi, kinachokuonyesha ulipo na kutuma ujumbe hata pasipo na mnara wa simu. Kazi ya kukichagua nikapewa mie, eti kwa kuwa nafundisha ramani.

Niamini, si kazi ndogo. Hiki kina skrini kubwa na ramani nzuri, lakini betri haimalizi siku mbili. Kile kinakaa na chaji wiki nzima, ila kuandika ujumbe ni kubonyeza herufi mojamoja mpaka kidole kichoke. Kingine hakina maana bila simu yako pembeni. Na je, vitufe vyake utaviweza ukiwa na mikono yenye maji na matope? Nilizunguka mpaka nikafika Kurasini, nyuma ya yadi za makontena, kwa bwana mmoja anayeuza vifaa vya safari vilivyotumika. Tunamwita Kaka Sefu.

Akaniwekea viwili mezani. Kimoja kikubwa, cheusi, karibu kipya. Kingine kidogo, rangi ya chungwa, kimekwaruzika kama kilichoburutwa kwenye mawe.

"Hiki kidogo kilitoka Rufiji," akasema. "Mtu alikiokota kwenye matete kando ya mto. Nimekichaji tu, kikawaka. Mwenyewe simjui."

"Na kinafanya kazi?"

"Mwalimu, usichague kwa macho. Nenda navyo porini, kisha unirudishie kimoja."

Akavisajili vyote kwa mwezi mmoja wa majaribio, maana kifaa cha namna hii bila kusajiliwa hakitumi chochote. Hilo nilikuwa silijui. Likumbuke.

Jumamosi nikaenda msitu wa Pugu na Rehema, rafiki yangu, nesi, kwa Suzuki yake. Tulitaka kuona kifaa kipi kinaona setilaiti vizuri chini ya miti. Rehema akabaki chini karibu na gari na kile cheusi. Mie nikapanda na cha chungwa mpaka ukingoni mwa korongo moja kavu. Ilikuwa kama saa tisa mchana. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki kadhaa, majani makavu yanavunjika kila nikipiga hatua.

Nikawasha. Nikaandika: "Rehema, najaribu." Nikatuma.

Kishale cha kutuma kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka. Nikawaza, ujumbe wa maneno mawili unachukua muda wote huu?

"Kinyanyue juu, dada. Kitoe kwenye majani, kione anga."

Sauti ilitoka chini, korongoni. Nikatazama. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati la kaki, buti za safari. Alikuwa amelowa. Simaanishi jasho. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye mikono ya shati, ndevu zimeshikana, kama mtu aliyetolewa mtoni dakika ile ile. Nikamwamkia kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Nani Mswahili asiyeitikia shikamoo? Alikuwa anakitazama kifaa tu, vile ndugu wa mgonjwa wanavyomtazama daktari akitoka chumba cha upasuaji. Basi nikakinyanyua juu kama alivyosema. Mlio mdogo ukasikika, tiki ikatokea kwenye skrini.

"Zimeenda?" akauliza.

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Ujumbe wangu ulikuwa mmoja. Lakini unajua mtu unavyojibu haraka ukiulizwa na mkubwa.

"Zimeenda, mzee."

"Zote?"

"Zote."

Akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema, taratibu sana. Kisha akageuka, akateremka na korongo. Nikasikia ndege, nikasikia upepo, nikasikia pumzi yangu mwenyewe. Majani aliyoyakanyaga sikuyasikia. Nilipojikaza nikashuka mpaka pale aliposimama, nikapapasa chini kwa kiganja. Pakavu. Hata tone.

Rehema alipanda kunifuata, akanikuta nimechuchumaa pale pale.

"Ujumbe wako umefika," akasema. "Ulikuwa unaongea na nani? Nakusikia unasema zimeenda, zimeenda, peke yako."

Nikamwambia kuna mzee amepita. Akaniangalia, kisha akatazama korongoni. Tukashuka haraka, na tulipofika kwenye gari kile cha chungwa kikalia mkononi mwangu. Ujumbe umeingia. Nausoma kama ulivyokuwa:

"Wewe ni nani? Umekipata wapi kifaa cha mume wangu?"

Kabla sijamaliza kuusoma ukaingia wa pili, una namba ya simu. Rehema ndiye aliyepiga. Akapokea mwanamke, analia na kuongea kwa pamoja. Alisema amepokea jumbe saba za mumewe, Salum, zimeingia mfululizo. Alisema Salum amepotea, mwaka wa tatu sasa. Alituomba kwa jina la Mungu tufike kwake, Kawe.

Tulifika jua halijazama. Anaitwa Mama Zuhura, mwenyeji wa kusini, mama mpole aliyekonda. Akatukaribisha mkekani, akaeleza. Mumewe alikuwa dereva. Ofisi iliyomwajiri ilimtuma kusini peke yake, msimu wa mvua, kupeleka vifaa kwa wapima barabara, wakampa kifaa kile cha chungwa wakisema akipata shida abonyeze kitufe cha dharura. Hakurudi. Walimtafuta kwenye barabara kuu, kumbe yeye alikuwa amepita njia ya porini. Baadaye ikajulikana kwamba kifaa hakikuwa kimesajiliwa. Aliyetakiwa kufanya hivyo alisahau.

Mnaelewa? Yule mtu aliandika na kubonyeza, akaandika na kubonyeza, na maneno yake yakabaki mle ndani kama maji kwenye mtungi. Yakakaa mtoni, yakakaa kwenye matete, yakakaa dukani Kurasini. Mpaka nilipowasha mie.

Mama Zuhura akatusomea kutoka kwenye simu yake. Wa kwanza ulisema gari limesombwa na maji lakini yu hai. Wa pili, kwamba mguu umevunjika, amejikokota mpaka kwenye mti. Wa tatu na wa nne alikuwa anauliza mbona hawamjibu. Wa tano ulikuwa wa Zuhura, bintiye, siwezi kuurudia hapa, ni wa mtoto na babake. Wa sita ulikuwa na neno moja: "Maji."

Alipofika wa saba akaacha kusoma. Akanitazama kichwani. Kisha akampa Rehema simu asome yeye.

"Juu ya ukingo amesimama dada mmoja, simjui. Ana kofia ya njano. Ameshika kifaa kama changu. Nimemwuliza, anasema zimeenda zote. Sasa nalala."

Kofia ninayoendea matembezini ni ya njano. Nilikuwa bado nimeivaa. Na niwaambie jambo linaloninyima usingizi mpaka leo: siku Salum alipoandika maneno yale, kofia ile nilikuwa sijainunua.

Mama Zuhura alinishika mkono, akaushikilia mpaka adhana ya magharibi.

Kila ujumbe ulikuwa na alama za mahali ulipoandikiwa. Nikamchorea kwenye ramani, hiyo ndiyo kazi ninayoiweza. Ndugu zake Salum wakaenda. Walikuta gari limejaa mchanga hadi madirishani, na yeye mwenyewe, mifupa yake, chini ya mti, ng'ambo ya mto. Wakamsalia, wakamzika. Mama Zuhura akakaa eda, jambo alilokuwa amelikosa miaka yote ile, maana hakujua kama ni mke au mjane.

Kifaa nilimwachia Mama Zuhura; Kaka Sefu, alipoisikia habari, hakutaka hata kukiona tena. Kikundi chetu kinatumia kile cheusi. Mie porini bado naenda, ila nikipita korongo siangalii chini, na nikiulizwa swali na mtu nisiyemjua, hata njia tu, najiuma ulimi kwanza. Kwa sababu nilimwambia "zote" bila kuhesabu. Bahati ilikuwa kweli. Je, isingekuwa kweli? Angelala?

Ukinunua kifaa kilichotumika, kabla hujakiwasha omba dua ya dini yako, kisha angalia kuna nini ndani, maana hujui nani anangoja. Na nyie mnaowatuma watu porini, nawasihi: kisajilini kifaa, mkijaribu wenyewe, mwone ujumbe umefika, ndipo mtu aondoke. Msimpe baba wa mtu jiwe la rangi nzuri mkamwambia abonyeze.