Watu Wasioitikia Salamu

Siku ya kwanza kumwona mama Jenoveva, alikuwa amesimama mbele ya benchi tupu, anasalimia. Ukungu ulikuwa bado umeziba uwanja wa kliniki na wagonjwa wengine hawajafika. Alisubiri kuitikiwa, kisha akaguna.

"Watoto wa siku hizi! Hata shikamoo hawana."

Nikampa shikamoo mimi. Kazi yangu ilikuwa kuwashika mkono watu wenye presha ya macho na kuwapeleka kwenye mashine, katika utafiti uliofanyika Lushoto wa kulinganisha dawa mbili za matone. Mimi si mwongeaji, naye aliligundua hilo mapema.

"Wewe ni bubu?"

"Hapana, mama."

"Basi unayameza maneno. Ndiyo maana umenenepa."

Alikuwa mjane wa kijiji cha Gare, mkulima wa karoti, na matone alikuwa ameyaanza mwezi mmoja kabla. Jicho lake la kushoto lilikwisha kufa. La kulia lilibaki na nuru ya katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Nuru hiyo ndiyo iliyomleta kliniki kila mwezi. "Ikizimika hii," aliniambia, "nitang'oa karoti niache magugu."

Mwanzoni presha ilishuka. Halafu wakati wa masika ikapanda ghafla. Daktari Latifa akamuuliza kama anaweka matone. Akajibu anaweka.

Nilipokuwa namtoa nje, alinibana mkono.

"Wapo tena pale mlangoni. Wamevaa nguo safi, na miguuni hawana tope. Martin, masika hii nani atatembea bila tope?"

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Alisema walianza kuja mara tu alipoanza matone. Anawakuta shambani, kanisani, jikoni kwake. Amewasalimu kwa Kiswahili na kwa Kishambaa, hawaitikii. Kwetu aliye hai huitikia salamu, hata kama mmegombana. Kwa hiyo akaona ile dawa inamfungulia jicho la kuwaona wafu, naye akaiacha.

"Usimwambie daktari. Ataniona kichaa."

Nilimgeuza palepale nikamrudisha ndani, nikasema yote mbele yake.

"Kumbe ulimi unao," alisema, akauchomoa mkono wake.

Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba jicho likipungukiwa nuru, akili hujichorea watu wake yenyewe, na kwamba wengi huwaona na huficha. Si wazimu, wala si dawa.

"Kwa hiyo hawapo?"

"Hawapo, mama."

"Na nikirudia dawa, wataondoka?"

"Hilo sijui. Dawa ni ya kulinda nuru iliyobaki."

Alirudia matone siku hiyohiyo. Lakini presha ilikwisha kuuharibu mshipa wa jicho, na kilichopotea hapo hakirudi. Kabla ya vuli, tundu la ufunguo lilizibika.

Mara ya mwisho nilimfikisha mwenyewe hadi Gare, tukipita kijia chembamba kati ya matuta, tope hadi vifundoni. Mlangoni kwake nilijikaza nikamuuliza kama bado anawaona.

"Mkono wangu siuoni," alisema. "Wao nawaona."

Nilibaki nimesimama kizingitini. Aligeuza uso, akatazama nyuma ya bega langu, akaniambia maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake hadi tulipomzika:

"Sogea kidogo, mwanangu. Umewazibia njia."