Kaka Mkubwa Alipobadilisha Pawa Saplai

Fremu ni kinyozi. Jina hilo alilipata kwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta, maana picha ikikwama kidogo tu yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele: "Fremu zinadondoka hapo!" Anacheza mbio za magari, na hajawahi kunipa nafasi ya kupumua. Timu moja ya mtandaoni ilimwona. Nahodha akamwambia nafasi imebaki moja, njoo kwenye majaribio, ila uwe na mashine yako. Za kukodi hawataki.

Basi akaanza kuunga kompyuta yake, kipande kwa kipande. Bajeti ya katikati: si ya kuokoteza vyuma chakavu, si ya kununua kila kinachong'aa. Hela nyingi ikaenda kwenye kadi ya picha, kwa sababu ndiyo inayobeba mchezo. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya wastani. Boksi la kuwekea vyote hivyo, bati jeusi, lina sura ya mlinzi aliyenyimwa likizo. Lakini pawa saplai, kile kidude kinachogawa umeme kwa wenzake wote, akachukua ya maana.

"Hapa ndipo watu wanajinyonga," aliniambia huku ananinyoa. "Wanabana hapa, halafu wanalia."

Hela ikaisha, skrini bado. Kaka yake mkubwa akajitolea kuinunua. Mambo yakaharibikia hapo.

Kaka huyu ndiye aliyewalea wadogo zake baada ya baba yao kufariki. Akikohoa, nyumba nzima inapunguza redio. Alikuja na skrini yake, akaizunguka ile kompyuta kama anakagua mbuzi mnadani.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, kaka."

"Hela yote ile, umenunua boksi la viatu? Taa ziko wapi?"

"Taa haziongezi kasi, kaka."

"We, usinifundishe. Kompyuta ya michezo ina taa. Mama, hebu ona, si kama jiko bovu hili?"

Mama yao akacheka. "Mimi sijui, wanangu. Ila za dukani kweli zinawaka."

Kesho yake Fremu akiwa kazini, kaka akaibeba kompyuta mpaka dukani. Akatoa lile bati na pawa saplai, akapewa boksi la vioo, taa kila kona, na pawa saplai yake imo ndani kabisa, "bure". Fundi wa duka akahamisha vitu vyote. Fremu aliporudi, sebule inawaka kama keki ya harusi.

Akafungua, akaipima ile saplai mkononi. Nyepesi kama kopo tupu, na ya maana huwa nzito. Akaja kwangu.

"Mwambie akairudishe," nikamwambia.

"Nimwambieje? Mbele ya mama? Mtu aliyenilisha?"

"Itaunguza kila kitu."

"Naomba Mungu ihimili."

Umeme hausikii dua, lakini kwao zawadi ya kaka mkubwa hairudishwi, hata ikiwa na sumu.

Majaribio yakawa Jumamosi mchana. Sebule imejaa ndugu, kaka kakaa kiti cha mbele. Nahodha akasikika kwenye spika: "Haya kinyozi, tuonyeshe."

Akawaonyesha. Aliongoza tangu mwanzo, wale wengine wanakula vumbi lake. Halafu mvua ya kwenye mchezo ikaanza kunyesha, picha ikawa nzito, kadi ikadai umeme zaidi. Pah! Skrini nyeusi. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba.

"Umegusa nini?" kaka akauliza.

"Sijagusa kitu, kaka."

"Nilijua tu. Vitu vizuri hamviwezi."

Kadi ilikufa palepale. Jioni nahodha akatuma ujumbe: pole sana, tumeshamchukua mwingine.

Mtaniambia kaka alikuwa na nia njema. Sawa. Nia njema haiwashi kadi ya picha. Na mtu mwenye nia njema angeuliza kwanza.

Juzi nilikuwa kinyozini nasubiri zamu yangu. Kaka yuko kwenye kiti, anamhadithia mteja mwingine kwa sauti: "Huyu nilimtengenezea kompyuta ya nguvu, achana kabisa. Kaiunguza siku ya kwanza! Vijana wa leo hawatunzi kitu."

Mteja akasikitika. Mimi nikamkazia macho Fremu. Nilitaka aseme, hata neno moja.

Akapuliza nywele kwenye shingo ya kaka yake.

"Inamisha kichwa kidogo, kaka," akasema.